Mgeni wa Iringa na Siasa za Kwao

Swali la uzito wa maoni ya mtu aliyehama kwao, akaishi katika nchi ya watu wengine na bado akaendelea kuzungumzia siasa za nchi aliyoiacha, huulizwa zaidi kuhusu Wamarekani walioweka makazi barani Asia au Ulaya, na huulizwa siku hizi kuhusu Watanzania walioko London, Muscat na Houston. Ni nadra kuulizwa kuhusu Iringa na Mbeya. Hata hivyo, kwa karne nzima iliyopita Nyanda za Juu Kusini zimepokea makundi ya wageni ambayo kila moja lilijibu swali hilo kwa namna yake, na historia yao inatoa kipimo kilicho bora kuliko mabishano ya leo: kwamba umbali peke yake haumpi mtu haki ya kusema wala haumnyimi, bali maoni yake hupata uzito pale anapokubali kubeba matokeo ya kile anachokitaka.

Kundi la kwanza linalofaa kutazamwa ni walowezi wa Kijerumani, yaani wakulima wageni waliopewa au kununua ardhi ili waishi humo moja kwa moja. Ujerumani iliponyang'anywa makoloni baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Tanganyika iliwekwa chini ya Uingereza kwa udhamini wa Shirikisho la Mataifa, jumuiya iliyoutangulia Umoja wa Mataifa wa leo, na raia wa Ujerumani walizuiwa kurudi hadi mwaka 1925. Zuio lilipoondolewa walirejea kwa wingi, na katika miaka ya 1930 nyanda za Iringa zilikuwa miongoni mwa maeneo ambamo mashamba ya Wajerumani yalikuwa mengi kuliko ya Waingereza. Adolf Hitler aliposhika madaraka mwaka 1933 na madai ya kurudishiwa makoloni yakapata nguvu mpya mjini Berlin, wengi wa walowezi hao walijiunga na matawi ya chama cha Nazi yaliyofunguliwa Tanganyika, wakishangilia kutoka mbali siasa ambazo hawakuwa wakiishi chini ya makali yake, na wakitarajia kwamba ushindi wa chama hicho kwao ungewaletea nchi nzima waliyokuwa wakiilima kwa ruhusa ya mwingine. Vita vilipoanza Septemba 1939, wanaume wa Kijerumani walikamatwa na kuwekwa kizuizini, wengi wao wakasafirishwa nje ya nchi, na mashamba yao yakawekwa chini ya msimamizi wa mali za adui.

Matokeo ya siasa hizo hayakuwafikia wenye mashamba peke yao. Misheni za Kilutheri zilizoanzishwa na Wajerumani zilibaki bila wasimamizi, na miongoni mwa waliobeba dhamana ya misheni hizo katika Tanganyika walikuwa Walutheri wa kanisa la Augustana, kanisa la Wamarekani wenye asili ya Uswidi. Uhusiano wa kidini kati ya Tanzania na majimbo ya kaskazini ya kati ya Marekani, ambao leo huonekana kuwa wa kawaida kabisa, una mzizi mmoja katika pengo hilo lililoachwa na watu walioipenda siasa ya kwao bila kuihesabu gharama yake.

Kundi la pili lilikuwa na hali iliyo kinyume kabisa. Wapoland waliofika Ifunda, karibu na Iringa, na Kidugala, upande wa Njombe, walikuwa wakimbizi, wengi wao wanawake na watoto, waliohamishwa kwa nguvu na utawala wa Kisovieti mwaka 1940 na 1941 kupelekwa Siberia na Asia ya Kati, wakaachiliwa baada ya Ujerumani kuishambulia Urusi, wakapita Iran mwaka 1942 na hatimaye kusambazwa katika kambi za Afrika Mashariki na Kusini. Katika Tanganyika kambi yao kubwa ilikuwa Tengeru, karibu na Arusha, lakini Ifunda na Kidugala nazo zilikuwa na shule, makanisa na maisha kamili ya kijamii yaliyoendeshwa kwa Kipolandi. Watu hao walifuatilia siasa za kwao kwa uchungu ambao walowezi waliowatangulia hawakuujua, kwa kuwa kila taarifa ya vita ilihusu mume, kaka au kijiji. Hata hivyo, Februari 1945, viongozi wa Marekani, Uingereza na Umoja wa Kisovieti walipokutana Yalta, walikubaliana kuiacha mashariki ya Poland, ambako wengi wa wakimbizi hao walitoka, iwe sehemu ya Umoja wa Kisovieti, na Julai mwaka huohuo Uingereza iliacha kuitambua serikali ya Poland iliyokuwa uhamishoni London. Mkimbizi wa Ifunda alikuwa na maoni, alikuwa na uchungu na alikuwa amelipa gharama kubwa, ila hakuwa na chombo chochote cha kuyafanya maoni yake yahesabiwe. Wengi walikataa kurudi katika nchi iliyokuwa imeamuliwa bila wao, wakaishia Uingereza, Kanada na Australia. Makundi haya mawili yanaonyesha ncha mbili za tatizo: upande mmoja sauti isiyo na wajibu, upande wa pili wajibu usio na sauti.

Baina ya ncha hizo anasimama Mmarekani ambaye maisha yake ndiyo kiini cha hoja hii. Marion Donoghue alizaliwa Philadelphia mwaka 1903 na kuolewa mwaka 1938 na John Cavendish, mwenye cheo cha urithi cha Kiingereza cha Baron Chesham, ambaye katika miaka hiyo alikuwa akiendesha mpango wa kuwaleta walowezi wa Kiingereza katika nyanda za Iringa. Mumewe alipofariki mwaka 1952, angeweza kurudi Philadelphia au kuhamia Uingereza, mahali ambapo jina la Lady Chesham lilikuwa na heshima yake. Alibaki Iringa, akaingia katika siasa, na akafanya hivyo katika muongo ambao kubaki kulihitaji mtu aamue yuko upande gani.

Uamuzi huo haukuja kwa hatua moja. Kwanza alihusika na Capricorn Africa Society, jumuiya iliyoanzishwa Rhodesia ya Kusini mwaka 1949 chini ya David Stirling, ambayo ilitaka watu wa rangi zote wawe raia wa aina moja lakini ikapendekeza mfumo wa kura ambamo mwenye elimu au mali zaidi angekuwa na kura zaidi ya moja. Kwa Mzungu wa wakati huo mpango kama huo ulionekana kuwa wa maendeleo makubwa, ila kwa Julius Nyerere na chama cha TANU kilichoanzishwa Julai 1954 ulikuwa njia ya adabu ya kuendeleza utawala wa wachache, kwa sababu elimu na mali vilikuwa vimegawanywa na ukoloni kwa misingi ya rangi. Kutoka Capricorn hadi kuungana na TANU ni safari ndefu kisiasa, ingawa kijiografia haikumtoa mtu Iringa.

Nafasi ya kuipima safari hiyo ilikuja na uchaguzi wa 1958 na 1959, uliofanywa kwa utaratibu wa kura tatu. Chini ya utaratibu huo kila jimbo lilikuwa na wabunge watatu, Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja, na kila mpiga kura alilazimika kumchagua mmoja kutoka kila kundi, la sivyo kura yake ilihesabiwa kuwa imeharibika. Aliyeruhusiwa kupiga kura ni mwenye elimu ya darasa la nane, au mapato ya pauni 150 kwa mwaka, au mwenye madaraka ya namna fulani, masharti yaliyowaacha nje watu wengi sana. Katika mkutano wa Tabora wa Januari 1958 wanachama wengi wa TANU walitaka uchaguzi huo ususiwe, lakini Nyerere aliwashawishi washiriki, na hesabu yake ilikuwa kwamba hata kwa masharti hayo wapiga kura wengi wangekuwa Waafrika, hivyo chama kinachowaongoza ndicho kingeamua ni Mwasia gani na Mzungu gani waende bungeni. UTP, chama kilichoundwa mwaka 1956 kwa baraka za Gavana Edward Twining ili kuipinga TANU, kilishindwa. Katika Jimbo la Nyanda za Juu Kusini Lady Chesham aliingia katika Baraza la Kutunga Sheria akiwa ameungwa mkono na TANU, maana yake ni kwamba kiti chake alipewa na karani, mwalimu na mkulima wa Kiafrika wa Iringa, Njombe na Mbeya.

Uzito wa jambo hilo huonekana vizuri zaidi ukilinganishwa na nchi aliyozaliwa. Mahakama Kuu ya Marekani ilikuwa imepiga marufuku ubaguzi katika shule za umma mwaka 1954, lakini mwaka 1957 Rais Dwight Eisenhower alilazimika kupeleka askari Little Rock, Arkansas, ili wanafunzi tisa weusi waingie darasani, na katika majimbo ya kusini kama Mississippi raia weusi walio wengi walizuiwa kujiandikisha kupiga kura kwa mitihani ya hila, kodi na vitisho. Sheria iliyovunja vizuizi hivyo ilitiwa saini mwaka 1965. Kwa hiyo, miaka saba kabla ya Marekani kumhakikishia raia mweusi wa Mississippi kura yake, mwanamke mweupe kutoka Philadelphia alikuwa akiomba kura za watu weusi wa Iringa, akizipata, na akiwajibika kwao. Hakuna hotuba juu ya haki za raia wa Marekani ambayo angeweza kuitoa kutoka verandani mwa shamba lake ikawa na nguvu ya tendo hilo.

Jaribio la pili lilikuwa la uraia. Oktoba 1961, wiki chache kabla ya uhuru, muswada wa uraia ulipofikishwa bungeni, baadhi ya wabunge walitaka uraia wa Tanganyika uwe wa Waafrika pekee, na Nyerere, akiwa Waziri Mkuu, aliupinga msimamo huo kwa ukali hadi akasema serikali yake ingejiuzulu kama Bunge lingeukataa muswada. Sheria iliyopatikana ilimpa uraia moja kwa moja mtu aliyezaliwa Tanganyika ikiwa na mzazi wake mmoja alizaliwa humo, na ikawapa wengine muda wa kuomba, kwa sharti kwamba anayeomba auache uraia mwingine alio nao. Sharti hilo liliwagawa wakazi wa kigeni kuliko hoja yoyote ya siasa, kwa kuwa lilimtaka kila mmoja aeleze kwa hati nini alichokuwa akikisema kwa mdomo. Lady Chesham alichukua uraia wa Tanganyika na kuendelea kuwa bungeni baada ya uhuru. Wapo waliomwona kuwa ameacha asili yake, kwa mantiki ya methali isemayo mkataa kwao mtumwa. Hata hivyo hakukata uhusiano na alikotoka, bali aliugeuza mwelekeo wake: alikuwa mmoja wa walioanzisha, mwaka 1962, Mfuko wa Maendeleo ya Jamii uliosaidia vijiji kujenga visima, zahanati na madarasa kwa nguvu za wanakijiji wenyewe, na alitumia jina lake na marafiki zake wa ng'ambo kuutafutia fedha. Badala ya kuishi Iringa akihubiri juu ya Marekani, alikwenda ng'ambo kuisemea Iringa, na alipofariki mwaka 1973 hapakuwa na shaka kwao ni wapi.

Si kila mgeni anayeweza kufuata njia hiyo, wala haipasi kila mmoja aifuate, kwa sababu wapo ambao kuwa kwao ugenini ni kwa ajili ya kurudi. Mbeya ilikuwa lango la watu wa namna hiyo. Januari 1962, Nelson Mandela alipotoka Afrika Kusini kwa siri kwenda kutafuta msaada wa mataifa ya Afrika, mji wake wa kwanza katika Tanganyika huru ulikuwa Mbeya, na mwenyeji aliyekuja kumpokea alikuwa John Mwakangale, mbunge wa TANU kutoka ukanda huohuo wa Nyanda za Juu. Katika kumbukumbu zake Mandela ameeleza kwamba ni katika hoteli ya mji huo, alipoona weusi na weupe wakikaa pamoja na mhudumu mweupe akiombwa kwa adabu awajali zaidi wageni weusi, ndipo alipojihisi kuwa mtu huru. Alichokiona Mbeya hakikumfanya abaki, kwani kabla ya mwaka kwisha alikuwa amesharudi kwao na kutiwa mbaroni.

Mfano mkubwa zaidi wa wageni wa kurudi uko Mgagao, katika milima ya Iringa, ambako Tanzania iliwapa kambi wapiganaji wa ZANLA, jeshi la chama cha ZANU lililopigania uhuru wa Zimbabwe, na ambako wakufunzi wa Kichina walishiriki kuwafundisha. Mwaka 1975 viongozi wao wengi wa kijeshi walikuwa gerezani Zambia baada ya kuuawa kwa mwenyekiti wa chama, Herbert Chitepo, mjini Lusaka Machi mwaka huo, na mazungumzo ya kusitisha vita yalikuwa yakiendeshwa bila wao. Oktoba 1975 maofisa wa kambi hiyo waliandika waraka unaojulikana kama Azimio la Mgagao, wakaupeleka kwa Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika iliyokuwa na makao yake Dar es Salaam na kwa serikali za Tanzania na Msumbiji, wakitangaza kwamba hawamtambui tena Ndabaningi Sithole kuwa kiongozi wao na kwamba mtu pekee waliyekuwa tayari kuzungumza kupitia kwake ni Robert Mugabe. Waraka ulioandikwa Iringa ulibadilisha uongozi wa harakati za nchi nyingine, na miaka mitano baadaye, Aprili 1980, Mugabe alikuwa Waziri Mkuu wa Zimbabwe.

Uzito wa waraka huo haukutokana na ufasaha wake wala na silaha peke yake, kwa kuwa walioandika walikuwa wakimchagua mtu ambaye wao wenyewe wangeishi chini yake. Na waliishi. Wilfred Mhanda, aliyekuwa miongoni mwa maofisa wa Mgagao walioshiriki katika azimio hilo, alifungwa Msumbiji mwaka 1977 baada ya kutofautiana na uongozi aliousaidia kuingia, na baadaye maishani akawa mmoja wa wakosoaji wa wazi wa utawala wa Mugabe hadi kifo chake mwaka 2014. Kwamba walikosea au hawakukosea ni suala la Wazimbabwe. La msingi hapa ni kwamba maamuzi ya Mgagao yaliwarudia walioyafanya, na kwa hiyo hakuna anayeweza kusema yalikuwa maneno ya watu waliokaa salama milimani.

Kipimo hichohicho kinawafaa Wamarekani walioondoka kwao kwa kupingana na serikali. Robert F. Williams, kiongozi wa watu weusi wa Monroe, North Carolina, alikimbilia Cuba mwaka 1961, akatangaza huko kwa redio iliyolenga majimbo ya kusini ya Marekani, kisha akahamia China katikati ya muongo huo na kuendelea kuandika juu ya siasa za kwao akiwa Beijing. Alipitia Tanzania katika safari iliyomrudisha Marekani mwaka 1969, akijua kwamba mashtaka yalikuwa yakimngoja, na mashtaka hayo hayakufutwa hadi mwaka 1976. Bob Moses, aliyeandikisha wapiga kura weusi Mississippi, aliondoka kwa kuikataa vita ya Vietnam, akafundisha hisabati Same kuanzia 1969 hadi 1976, kisha akarudi na kuanzisha mwaka 1982 mradi wa kufundisha aljebra watoto wa familia maskini. Wa kwanza alisema sana akiwa mbali, wa pili alisema kidogo, lakini wote wawili walirudi mahali ambapo maneno yao yangepimwa.

Katika miaka hiyohiyo Nyanda za Juu Kusini zilikuwa jukwaa la mashindano ya mataifa makubwa, kwani sehemu za barabara kuu ya kutoka Dar es Salaam kupitia Iringa na Mbeya hadi Tunduma zilijengwa kwa mikopo ya Marekani, huku reli ya TAZARA yenye urefu wa kilomita 1,860, iliyojengwa na Wachina kati ya 1970 na 1975, ikikatiza Makambako na Mbeya kuelekea Zambia. Vijana wa Peace Corps, shirika la serikali ya Marekani la watu wa kujitolea, ambao Tanganyika ilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza kabisa kuwapokea mwaka 1961, waliondoka mwaka 1969 wakati uhusiano wa nchi hizo mbili ulipokuwa umepoa, na wakarudi mwaka 1979. Tangu wakati huo walimu, madaktari, wachungaji na watafiti wa Kimarekani wamekuwa sehemu ya kawaida ya maisha ya mikoa hii, na tangu 1987 Dayosisi ya Iringa ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania imekuwa na ushirika na Walutheri wa eneo la Saint Paul, Minnesota, uitwao Bega kwa Bega, ambao umeunganisha usharika kwa usharika katika nchi hizo mbili.

Mmarekani wa leo anayeishi Iringa hana shida iliyomkabili Mpoland wa Ifunda. Sheria ya mwaka 1975, iliyopanuliwa na ile ya 1986, inamruhusu kupiga kura katika uchaguzi wa kitaifa kupitia jimbo alilokuwa akiishi kabla ya kuondoka, na karatasi yake ya kura huhesabiwa pamoja na za wengine. Haki hiyo ina upande wake wa pili, kwa kuwa Marekani ni moja ya nchi chache sana duniani zinazomtoza raia kodi ya mapato popote alipo, hivyo anayeishi Mufindi au Bangkok hupaswa kupeleka hesabu zake kila mwaka kama aliyebaki Ohio. Wala kura hizo za mbali si za mapambo: mwaka 2000 George W. Bush alitangazwa mshindi wa Florida, na kwa hiyo wa urais, kwa tofauti ya kura 537, katika hesabu ambamo kura kutoka ng'ambo ziliongeza uongozi wake kutoka 300 hadi 930 kabla ya hesabu ya mwisho.

Wapo wanaosema kwamba mtu wa namna hiyo hastahili kura kwa sababu haguswi tena na bei ya mafuta, ubora wa shule wala usalama wa mtaa wa kwao. Hoja hiyo ina nguvu kwa mambo ya ndani, lakini inasahau kwamba siasa za taifa kubwa hazitui ndani ya mipaka yake tu. Bush huyohuyo alianzisha mwaka 2003 mpango wa dharura wa Marekani wa kupambana na UKIMWI, na ni vigumu kutaja mahali ambapo uamuzi huo ulionekana zaidi kuliko Nyanda za Juu Kusini, kwani utafiti wa kitaifa wa 2022 na 2023 ulikuta maambukizi ya virusi vya UKIMWI kwa watu wazima kuwa asilimia 12.7 Njombe, 11.1 Iringa na 9.6 Mbeya, wakati wastani wa taifa ulikuwa asilimia 4.4. Dawa za kufubaza virusi, vipimo na mishahara ya wahudumu wengi vilitegemea fedha zilizopitishwa Washington, na mjini Mbeya taasisi ya utafiti ya jeshi la Marekani ya Walter Reed imeshirikiana kwa miaka mingi na watafiti na hospitali za Tanzania. Januari 2025, Rais Donald Trump aliposimamisha misaada ya nje kwa siku 90, na USAID, shirika la misaada la Marekani, lilipofungwa rasmi Julai mwaka huo, mpiga kura wa Florida hakuona lolote. Mmarekani anayefanya kazi katika kituo cha afya cha Makete au Ilula aliona, na kati ya wapiga kura wote wa Marekani ni yeye na wenzake wachache wanaojua kura ile ilianguka wapi. Kumnyima mtu wa namna hiyo sauti ni kuondoa katika uchaguzi ushahidi ambao hauwezi kupatikana kwingine.

Kutoka hapo hoja inarudi nyumbani kwa njia isiyoepukika. Mmarekani aliyeko Iringa hupiga kura ya kwao. Mkenya aliyeko Tanzania amekuwa akipiga kura ya urais wa Kenya tangu 2013, kwa mujibu wa Katiba ya 2010, na kufikia 2022 utaratibu huo ulikuwa umefikishwa katika nchi 12. Mtanzania wa Mafinga aliyeko Nairobi, mwenye pasipoti ya Tanzania, ambaye hutuma fedha za karo na za mbolea kila msimu, hana utaratibu wa kupiga kura akiwa huko. Haya yanatokea ingawa ibara ya 5 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano inampa kila raia aliyetimiza miaka 18 haki ya kupiga kura, inataja sababu ambazo Bunge linaweza kuzitumia kumzuia, yaani kuwa na uraia wa nchi nyingine, ugonjwa wa akili, kutiwa hatiani kwa makosa fulani na kushindwa kuthibitisha umri, uraia au uandikishwaji, kisha inafunga mlango kwa kusema hakuna sababu nyingine. Kuishi nje ya nchi hakumo katika orodha hiyo. Raia huyo hakunyimwa haki na Katiba, amenyimwa na kutokuwepo kwa daftari na kituo, jambo ambalo ni la sheria za kawaida na bajeti.

Pingamizi kwamba Watanzania wa nje huzungumza kwa jazba kwa sababu hawatapigwa mabomu ya machozi lina ukweli ndani yake, na walowezi wa Kijerumani wa miaka ya 1930 ni ushahidi wa hatari ya sauti zisizo na gharama. Lakini dawa ya sauti isiyo na wajibu ni kuipa wajibu, na hakuna wajibu wa kiraia ulio wazi kuliko kuandikishwa, kuhesabiwa na kuishi na kiongozi uliyemchagua. Anayenyimwa kura habaki kimya, hubakiwa na kelele tu. Kwa upande wake, Mtanzania aliyechukua uraia wa nchi nyingine, akijua kwamba Sheria ya Uraia ya 1995 hairuhusu uraia pacha kwa mtu mzima, ameshafanya uamuzi aliowahi kuufanya Lady Chesham, na hata kama hoja ya kumpa hadhi maalumu ya ardhi na makazi ina haki yake, kura ya Tanzania ni ya yule aliyebaki raia wake. Kilicho sawa kwa Philadelphia hakiwezi kuwa kosa kwa Mafinga.

Hatua inayotakiwa ni ndogo kuliko mabishano yanavyoifanya ionekane. Tanzania ina balozi katika nchi ambako raia wake wengi wanaishi, ina vitambulisho vya taifa vyenye alama za vidole, na ina jirani aliyekwisha kuonyesha kwamba inawezekana kuanza na nchi chache na kura ya rais peke yake. Tume ya uchaguzi ikianzia Nairobi, Lusaka na Lilongwe, miji ambayo wafanyabiashara na wafanyakazi wa Mbeya na Tunduma huifikia kwa basi, gharama itakuwa ya kupimika na makosa yatakuwa ya kurekebishika kabla ya kufika London na Houston. Nchi iliyowapa maofisa wa Mgagao nafasi ya kuamua hatima ya Zimbabwe wakiwa katika ardhi yake haina sababu ya kuamini kwamba raia wake mwenyewe, akiwa katika ardhi ya jirani, hawezi kuaminiwa na hatima ya Tanzania.